Mshono mkavu si uthibitisho kwamba hakuna maambukizi

Wapo wengi hapa Moshi, hasa wanaomuuguza ndugu aliyefanyiwa upasuaji wa rovu (uvimbe wa tezi ya shingoni), wanaoamini kwamba mshono ukiwa mkavu na hautoi usaha, basi hakuna maambukizi. Si sahihi. Maambukizi makali ya tishu laini, ambayo ni nadra lakini huua haraka, hutambaa chini ya ngozi kwa kufuata utando unaofunika misuli, na mwanzoni ngozi iliyo juu yake inaweza kuonekana karibu ya kawaida. Cha kuangaliwa zaidi ni maumivu makali yasiyolingana na kinachoonekana, pamoja na homa na uvimbe unaopanuka. Maumivu hayo yakikoma ghafla na ngozi ikafa ganzi, hiyo si nafuu, kwani huenda neva zimeshaharibika. Shingoni hatari huzidi, kwa kuwa maambukizi yanaweza kuteremka hadi kifuani au uvimbe ukabana njia ya hewa. Vidonge vya duka la dawa, kimbilio letu la kila siku, havitoshi: mishipa midogo ya damu ikiziba, dawa haifiki penye tishu zilizokufa, ndiyo maana daktari hulazimika kuziondoa kwa upasuaji, pengine zaidi ya mara moja, sambamba na antibiotiki za kuchoma mshipani.