Je, wajua kwa nini maji yanayopoa, dawa mwilini na kapasita hufuata mlinganyo mmoja?

Chukua vitu vitatu visivyo na undugu: kikombe cha maji ya moto kilichoachwa mezani, dawa inayochujwa na figo, na kapasita (kifaa kinachohifadhi chaji ya umeme) inayoisha chaji kupitia rezista (kifaa kinachozuia mkondo). Mpe mwanahisabati grafu za vyote vitatu bila kumwambia ipi ni ya nini, naye hataweza kuzitofautisha. Zote huanza kwa kuporomoka, kisha hulegea kadiri zinavyokaribia kikomo chake.

Hilo hutokea kwa sababu mlinganyo haujui maji, damu wala umeme. Unajua jambo moja tu: kasi ya kutoka inawiana na kiasi kilichobaki. Maji yakizidi joto la hewa kwa nyuzi nyingi maradufu, nayo hupoteza joto maradufu kwa kila sekunde. Isaac Newton alichapisha wazo hilo mwaka 1701. Chaji ikibaki nusu, volteji huwa nusu, na kwa kanuni ya Ohm, inayosema mkondo huwiana na volteji, mkondo nao huwa nusu. Dawa ikibaki nusu, kila lita ya damu inayosafishwa hutoa nusu ya miligramu ilizotoa mwanzo. Chochote kinachotii sharti hilo hupungua kwa sehemu ileile katika kila kipindi kilekile.

Kipindi chenyewe kinatoka wapi? Tafuta ghala na kizuizi. Kwenye saketi, ghala ni kapasita na kizuizi ni rezista. Zidisha ohm (kipimo cha kizuizi) kwa faradi (kipimo cha ghala), jibu linakuja kwa sekunde: ohm 10,000 na mikrofaradi 100, yaani faradi 0.0001, hutoa sekunde 1 kamili. Mwilini ghala ni ujazo ambamo dawa imesambaa, ila wataalamu wa dawa hawapimi kizuizi bali wepesi wa kutoka, yaani lita zinazosafishwa kwa saa, kwa hiyo hapo tunagawanya. Lita 40 kwa lita 10 kwa saa ni saa 4. Muda huu huandikwa kwa herufi ya Kigiriki tau. Tau moja ikipita, asilimia 63 imeondoka. Nusu huondoka katika tau mara 0.693, ambayo kwa dawa yetu ni kama saa 2 na dakika 46. Baada ya tau tano, kilichobaki hakifiki asilimia 1.

Tukijaribu kwa kikombe: maji yana nyuzi 80 za sentigredi, chumba kina 25, na baada ya dakika 10 maji yamefika 65. Usitumie 80 na 65 moja kwa moja. Toa kwanza joto la chumba, upate 55 na 40. Gawanya 40 kwa 55, upate 0.727, logi asilia yake (kitufe cha ln kwenye kikokotoo) ni hasi 0.318; dakika 10 ukizigawa kwa 0.318 unapata tau ya takriban dakika 31. Sasa unaweza kutabiri: dakika ya 30 maji yatakuwa na nyuzi 46 hivi. Hata joto linalotoroka linahesabika. Kama maji ni mililita 250, mwanzoni kikombe kilikuwa kinapoteza takriban wati 30.

Anayesahau kutoa joto la chumba hukamatwa na modeli yake mwenyewe. Kwa vipimo vilevile, hesabu yake itasema kwamba baada ya saa mbili maji yana nyuzi 7 hivi, ndani ya chumba chenye nyuzi 25!

Pointi mbili hata hivyo hazithibitishi kitu, kwa sababu mchirizo wa aina hii hupita kwenye pointi zozote mbili za kushuka. Pima mara nane au kumi, chora logi ya tofauti ya joto dhidi ya muda, uangalie kama unapata mstari ulionyooka. Ukipinda, sharti limevunjika mahali. Kikombe kisichofunikwa hupinda mwanzoni, kwa kuwa maji ya nyuzi 90 hupoteza joto jingi kwa mvuke, na mvuke huongezeka upesi kuliko tofauti ya joto. Kifunike, au anza kupima yakishapoa kidogo. Dawa nyingi huonyesha mistari miwili, mkali kisha wa taratibu: mwanzoni dawa inahama kutoka kwenye damu kuingia kwenye misuli na mafuta, ndipo utoaji wa kweli unapoonekana. Hapo ghala moja halitoshi, yanahitajika mawili.

Pombe ndiyo hukaidi kabisa. Kimeng'enya cha ini kinachoivunja hujaa kazi mapema, hivyo kiasi kinachoondoka kila saa hakibadiliki sana, iwe damuni imo nyingi au kidogo. Ukiilazimishia tau, utadhani mtu aliyekunywa sana atapata nafuu mapema kuliko uhalisia.

Kosa la mwisho ni la kompyuta, na huwachanganya hata wahandisi, kwa kuwa mlinganyo huwa sahihi lakini majibu ni upuuzi. Programu nyingi rahisi huenda kwa hatua: kasi ya sasa mara urefu wa hatua, toa, rudia. Kwa tau ya sekunde 1, hatua ya sekunde 0.1 inafaa. Hatua ya sekunde 1.5 huifanya volteji irukeruke kati ya chanya na hasi huku ikipungua. Hatua ya sekunde 2.5 huikuza mara moja na nusu katika kila hatua hadi kapasita tupu ionekane kuwa na maelfu ya volti. Ukiona modeli yako inapiga kelele hivyo, kabla ya kugusa mlinganyo punguza hatua iwe nusu na uendeshe upya. Jibu likibadilika, hatua ilikuwa ndefu mno.