Kwa nini kobe hawezi kuvua gamba lake?

Katuni za watoto humwonyesha kobe akilivua gamba, akalitundika pembeni, akaenda kuoga. Watu wazima wengi nao huamini kwamba ndani ya lile gamba kuna mnyama kamili anayeweza kutolewa akabaki mzima. Hayupo. Ukibahatika kuokota gamba tupu la kobe aliyekufa porini, ligeuze utazame upande wa ndani. Katikati, kutoka mbele hadi nyuma, utaona mstari wa pingili za uti wa mgongo zilizoshikamana na dari, na kila upande mbavu zilizopanuka zikakutana. Kumtoa kobe humo ni kumng'oa mgongo.

Gamba lina sehemu mbili kubwa, la mgongoni na la tumboni, zinazoungana ubavuni katikati ya mguu wa mbele na wa nyuma. Kwa jumla ni mifupa 50 hadi 60. La juu limejengwa kwa pingili 10 za kiwiliwili, jozi 8 za bamba zilizoota juu ya mbavu, na mifupa midogo inayozunguka ukingo. La chini huwa na mifupa 9. Mitatu ya mbele inatokana na mitulinga na kijifupa kilichokaa kati yake. Mingine inatokana na mifupa ya tumboni, ya aina ambayo mamba anayo mpaka leo.

Juu ya mifupa hiyo ndipo vinapokaa vile vigamba vyenye michoro tunavyoviona, vya keratini, kitu kilekile kinachofanya kucha na pembe. Maungio ya vigamba hayafuati maungio ya mifupa iliyo chini, kama vile fundi anavyopanga matofali ili nyufa zisilingane, na hapo gamba hupata nguvu zaidi. Chini ya keratini kuna mfupa hai wenye damu na neva. Anayetoboa gamba la kobe ili apitishe kamba ya kumfungia anatoboa mfupa wa kiumbe anayehisi maumivu.

Lakini jambo linalonishangaza kuliko yote ni bega. Jipapase mgongoni: kombe la bega limelala juu ya mbavu. Ndivyo ilivyo kwa mbuzi, kuku na mjusi. Kwa kobe na kasa peke yao, kombe la bega liko ndani, chini ya mbavu. Limeingiaje humo?

Jibu limo kwenye yai. Mbavu za wanyama wengine hukunja kuelekea kifuani. Za kobe huenda kando moja kwa moja, zikaingia kwenye ngozi nene ya mgongo, ambako kuna tuta dogo linalozunguka kiwiliwili na kuonyesha ukingo wa gamba utakapokuwa. Mwaka 2009 watafiti wa Japani, akiwamo Hiroshi Nagashima, walifuatilia viinitete vya kasa wa majini wa China mwenye gamba laini. Waliona kwamba ukuta wa mwili hujikunja ndani, na mbavu zinapotanuka hulifunika bega. Bega halihami; mbavu ndizo zinazopita juu yake.

Visukuku, yaani mabaki ya viumbe wa kale yaliyogeuka mawe, vinaonyesha kwamba mabadiliko haya hayakuja kwa mkupuo. Eunotosaurus, mtambaazi wa kale aliyeishi Afrika Kusini miaka milioni 260 hivi iliyopita, alikuwa na mbavu pana sana lakini hana gamba. Odontochelys, kasa wa kale wa Guizhou, China, aliyetangazwa mwaka 2008, ana umri wa miaka milioni 220 hivi: gamba la tumboni limekamilika, la mgongoni bado, na mdomoni ana meno. Mwaka 2016 mtafiti wa visukuku Tyler Lyson na wenzake walipendekeza kwamba mbavu pana zilianza kwa kumsaidia mnyama kuchimba, kwa kukipa kiwiliwili uthabiti huku mikono ikifukua. Kinga ilikuja baadaye. Hoja hii naiona ina nguvu, kwa sababu mbavu pana peke yake ni ngao duni, tena humpunguzia mnyama mwendo na pumzi.

Pumzi ndiyo gharama yenyewe. Sisi tukivuta hewa, mbavu hupanuka. Za kobe zimegandamana. Yeye hutumia misuli ya ndani inayoyavuta na kuyabana matumbo, na mapafu yaliyo chini ya gamba la juu hujaa au kuminywa. Ndiyo maana ukimshtua akaurudisha mwili ndani kwa ghafla husikika mfoko: kichwa na miguu vimeisukuma hewa itoke.

Wapo waliolipunguza gamba. Kobe bapa wa majabali ya Kenya na Tanzania, Malacochersus tornieri, ana mifupa myembamba yenye mianya mikubwa, na gamba lake hunepa ukilibonyeza. Akiona hatari hakai akajifungia. Hukimbia akapenya kwenye ufa wa mwamba. Noa, kasa mkubwa kuliko wote, ameenda mbali zaidi. Hana vigamba kabisa. Mgongo wake ni ngozi yenye maelfu ya vijifupa vilivyopangana, na mbavu zilizo chini yake hazikuungana kuwa bamba. Kwa mgongo huo unaonepa hupiga mbizi kupita mita 1,000.