Luke Skywalker hakuuawa na mpwa wake: dhana potofu na ukweli kuhusu The Last Jedi

Filamu ya nane ya Star Wars, The Last Jedi, ilitoka Disemba 2017, na mpaka leo ubishi wake haujapoa. Hapa Unguja wengi wetu hatukuiona kwenye jumba la sinema. Tuliwekewa kwenye flashi, tukaiangalia nyumbani, kisha tukatoka nayo barazani. Ukikaa na vijana wa muvi Michenzani, au pale Jaws Corner ambapo penyewe pamepewa jina la filamu, utamsikia mmoja anasema hakuna bora kuliko hii katika mfululizo mzima, na mwenzake anaapa kwamba imebomoa kila alichokijenga George Lucas tangu 1977.

Mimi naipenda, na nalisema mapema ili msomaji ajue anamsoma nani. Sitaki kumlazimisha mtu yeyote aipende. Ninaloliomba ni kwamba tubishane juu ya filamu yenyewe ilivyo. Mengi yanayosemwa kwa sauti kubwa kabisa ni mambo ambayo mtu anaweza kuyahakiki kwa kurudia kuangalia vipande viwili vitatu, au kwa kusoma tarehe.

"Luke aliuawa na Kylo Ren"

Hili nalisikia kuliko mengine, na ndilo linaloniuma, kwa sababu anayelisema ameikosa sehemu nzuri kuliko zote. Sisi tumelelewa na kanuni kwamba steringi hafi. Mtu akimuona Luke, shujaa wa filamu za kwanza, anatoka peke yake kwenye uwanda wa sayari ya Crait, mizinga yote imemuelekea, kisha mwishoni akamuona amekufa, anaunga mwenyewe: basi mpwa wake kammaliza.

Kylo hakumgusa, kwa sababu Luke hakuwepo. Mwili wake ulikuwa kisiwani Ahch-To, umekaa juu ya jiwe, na walichokiona Kylo na jeshi lake ilikuwa sura tu, aliyoituma kutoka mbali mno kwa Nguvu, ule uwezo wa ajabu wa filamu hizi. Rian Johnson, aliyeandika na kuongoza filamu hii, ameacha dalili machoni petu. Ardhi ya Crait ina chumvi nyeupe juu na wekundu chini yake, kila anayekanyaga anaacha alama nyekundu. Angalia miguu ya Kylo: alama tele. Angalia ya Luke: hakuna hata moja. Upanga wa mwanga alioushika ni ule wa buluu wa baba yake, ambao muda mfupi tu nyuma tuliuona unapasuka vipande viwili Kylo na Rey, msichana aliyemfuata Luke kisiwani, walipokuwa wakiuvutana. Nywele zake fupi, ndevu zimekolea weusi, yaani anaonekana kama alivyokuwa usiku ule alipotengana na mpwa wake. Na kabla ya kutoka nje alimkabidhi dada yake Leia dadu za Han Solo, baba wa Kylo, ambazo baadaye zinatoweka mkononi mwa Kylo.

Kazi ile ndiyo iliyoutoa uhai wake. Anadondoka kutoka kwenye lile jiwe, anajiinua, anatazama majua mawili yakizama, kisha mwili unatoweka, kama miili ya walimu wake ilivyotoweka, wa Obi-Wan katika filamu ya 1977 na wa Yoda katika ile ya 1983. Kwa hiyo steringi wetu aliwaokoa watu wake wote bila kumpiga mtu hata pigo moja. Anayeona huko ni kudhalilishwa, tukae tuzungumze. Lakini aanzie hapo, asianzie kwenye pigo ambalo halikupigwa.

Kwa wanaopenda kujua, uwanda ule wa chumvi upo hapa duniani. Picha zake zilichukuliwa Salar de Uyuni, Bolivia, uwanda mkubwa wa chumvi kuliko wote ulimwenguni.

"Luke alitaka kumchinja mtoto wa dada yake usingizini"

Naelewa kwa nini hili linawakera watu wetu. Mjomba ana daraja lake. Mtoto akigombana na baba yake hukimbilia kwa mjomba, na huyu Ben Solo, ndilo jina alilozaliwa nalo Kylo, alikabidhiwa kwa mjomba ili afunzwe. Mjomba kumsimamia kitandani na silaha ni jambo zito, na filamu inalichukua kwa uzito huohuo.

Ila kisa kile kinasimuliwa mara tatu, na wengi wanaikumbuka mara ya katikati tu. Mara ya kwanza anasimulia Luke, na anauficha upanga. Mara ya pili anasimulia Kylo, na hapo tunamuona Luke ana uso wa muuaji, anateremsha pigo. Mara ya tatu Rey anamkaba Luke aseme kweli, naye anakiri: aliingia akaona giza lililokwisha kujaa moyoni mwa kijana, akauwasha upanga kwa silika, na silika ile ikapita mara moja, ikamwacha na aibu. Alipoangalia chini akakutana na macho ya mtoto aliyeamka. Hakulishusha pigo. Ukimchukulia Kylo kuwa shahidi wa pekee, umechagua kumwamini mtu aliyemuua baba yake mzazi.

Wako wanaosema Luke wa zamani asingefikia hata hapo. Warudi kwenye filamu ya 1983. Baba yake, Vader, alipotishia kumgeukia Leia, Luke alitoka mafichoni kwa hasira, akampiga mpaka akamkata mkono, na alipotaka kumalizia ndipo akajizuia na kuutupa upanga. Ni mtu yuleyule, na udhaifu uleule: ukiwagusa anaowapenda, hasira inatangulia. Safari hii alijizuia mapema zaidi, na bado akachelewa.

"Johnson ndiye aliyemtoa Luke vitani akamficha kisiwani"

Luke alikwisha kutoweka kabla Johnson hajaandika neno. Filamu ya 2015, iliyoongozwa na J.J. Abrams, inaanza kwa kutuambia kuwa Luke Skywalker ametoweka, na kisa chake chote ni kutafuta ramani ya alipo. Han Solo anasema humo kwamba mwanafunzi mmoja aliasi, Luke akajilaumu, akaacha kila kitu akaenda zake. Johnson alipokea mtu aliyesimama juu ya kilele akiwa ameiacha vita, na dada yake amebaki nayo. Swali lililobaki lilikuwa kwa nini.

Na wazo lenyewe lina mizizi kwa Lucas. Alipoiuza kampuni yake kwa Disney mwaka 2012, kwa dola bilioni 4.05, alitoa pia muhtasari wa filamu alizozifikiria. Mwanzoni mwa 2013 mchoraji Christian Alzmann alikuwa tayari anachora Luke mzee, aliyeelezwa kama mtu aliyejificha na ulimwengu ndani ya pango. Johnson alikuwa bado hajaajiriwa.

Barazani hapa huletwa jina la Mark Hamill, mwenye kuigiza Luke, kwamba hata yeye aliikataa filamu. Ni kweli alimwambia Johnson kuwa hakubaliani na njia aliyomchukulia Luke, na alilisema hilo hadharani. Lakini Disemba hiyohiyo ya 2017 aliandika kwamba anajuta kuzitoa shaka zake nje, na kwamba Johnson ametengeneza filamu kubwa. Wenye kumnukuu wamnukuu mpaka mwisho.

"Ilifeli sokoni"

Haikufeli. Iliingiza dola bilioni 1.33 duniani, na ndiyo iliyoongoza kwa mapato kati ya filamu zote za 2017. Kinachowachanganya watu ni kuilinganisha na ile ya 2015 iliyopita bilioni 2. Lakini ile ilikuwa inaendeleza kisa kilichosimama tangu 1983, na mashabiki walikuwa na kiu ya miaka 32. Filamu ya pili ya mfululizo, ya 1980, nayo iliingiza kidogo kuliko ya kwanza. Kilichofeli kweli ni filamu ya Han Solo ya Mei 2018, isiyofika dola milioni 400 baada ya kugharimu fedha nyingi. Waongozaji wake waliondolewa katikati ya upigaji picha Juni 2017, miezi kabla The Last Jedi haijaonekana, na sehemu kubwa ikapigwa upya.

"Leia kuruka angani ni upuuzi, na ni kwa sababu Carrie Fisher alikufa"

Upigaji picha ulimalizika Julai 2016. Carrie Fisher, mwigizaji wa Leia, alifariki tarehe 27 Disemba 2016, akiwa amekwisha kuigiza sehemu zake zote. Hakuna kilichozibwa. Filamu iliyolazimika kutumia mabaki ya picha zake ni ile ya 2019.

Ama kuhusu anga, pale chombo cha Leia kinapopigwa naye akatupwa nje, watu wanadhani binadamu akitoka nje bila mavazi anapasuka au anaganda papo hapo. Mwaka 1966, huko Houston, fundi wa NASA aitwaye Jim LeBlanc alikuwa ndani ya chumba kisicho na hewa, mpira wa mavazi yake ukachomoka. Alizimia baada ya sekunde kama 14, na jambo la mwisho alilolikumbuka ni mate kuchemka ulimini. Hewa ikarudishwa haraka, akapona. Kwa hiyo Leia kuzimia na kuendelea kuwa hai kwa muda mfupi si ajabu. Kujivuta mpaka chomboni ni Nguvu, na yeye ni Skywalker. Mimi mwenyewe naona picha ile ingepigwa vizuri zaidi, maana namna anavyoelea inawatoa watu kwenye kisa.

"Mashabiki wote waliichukia" na "Walioichukia wote ni Warusi"

Pande zote mbili hapa zina kosa. Kwenye Rotten Tomatoes, tovuti inayokusanya maoni juu ya filamu, wahakiki waliipa asilimia 91, na alama ya watazamaji ikaanguka chini ya 50. Lakini wakati ule mtu yeyote aliweza kupiga kura pale bila kuonyesha kuwa ameiona filamu, na utaratibu huo ulibadilishwa mwaka 2019. CinemaScore, ambao huwauliza watu mlangoni wakitoka ukumbini, walipata alama A.

Halafu mwaka 2018 mtafiti Morten Bay alichambua jumbe 967 za Twitter zilizoandikwa kwa Johnson. Zilizokuwa hasi zilikuwa asilimia 21.9, na karibu nusu ya hizo aliona zinatoka kwa akaunti za mashine, wachokozi, au wanaharakati wa kisiasa, Wamarekani kwa wingi. Magazeti yakaandika kana kwamba ni kazi ya Urusi, na wapenzi wa filamu wakaikamata habari hiyo kama ngao. Waisome vizuri: nusu nyingine walikuwa watu wa kweli waliokasirika kweli. Shabiki aliyekua na Luke na akaumia ana haki ya kusikilizwa.

Asiye na haki ni aliyemwandama Kelly Marie Tran, mwigizaji wa Rose Tico, Mmarekani ambaye wazazi wake wametoka Vietnam. Alitukanwa kwa rangi na umbo lake mpaka mwaka 2018 akafuta kila alichokiweka Instagram. Kabla yake kulikuwa na Ahmed Best, aliyeigiza Jar Jar katika filamu ya Star Wars ya 1999, ambaye baadaye alieleza kwamba chuki ile nusura imtoe uhai. Hawa ni watu waliokwenda kazini. Kama Rose amekuchosha, mlaumu aliyemwandika.

"Ni hadithi za wazungu, sisi hatumo"

Tumo kuliko wengi wanavyofikiri. Jangwa la Tatooine lilipigwa picha Tunisia, na jina limetoka kwenye mji wa huko, Tataouine. Maz Kanata, anayeonekana katika The Last Jedi akipigana huku anazungumza, ni Lupita Nyong'o wa Kenya. Finn, mmoja wa mashujaa wa filamu hizi mpya, ni John Boyega, Muingereza ambaye wazazi wake ni Wanaijeria. Na yule rubani mwenye mashavu makubwa, Nien Nunb, ambaye wengi wanaamini lugha yake imebuniwa na mashine? Sauti ile ni ya Kipsang Rotich, Mkenya aliyekuwa mwanafunzi Marekani, na filamu ya 1983 ilipofika Kenya watu ukumbini walisikia Kikuyu.

Lisilo dhana potofu

Wanaosema filamu hizi tatu, za 2015, 2017 na 2019, hazikuwa na mpango mmoja wako sahihi kwa kiasi kikubwa. Johnson aliandika yake kabla ya ile ya 2015 kuonekana na umma, mwongozaji wa ya tisa aliondoka Septemba 2017, Abrams akarudishwa, na ile ya 2019 ikatumia muda mwingi kugeuza majibu ya Johnson.

Na wanaosema Finn alionewa, nakubaliana nao kabisa. Mwaka 2015 matangazo yalimuonyesha ameshika upanga wa mwanga. Miaka miwili baadaye akatumwa kwenye mji wa kamari wa Canto Bight, safari ndefu ambayo mpango wake haukuzaa kitu, na mwishoni alipoamua kujitoa mhanga Rose akamgonga akamtoa njiani. Boyega mwenyewe alisema mwaka 2020 kwamba Disney walimnadi mhusika mweusi kama nguzo kisha wakamsukuma pembeni. Nimeiangalia tena filamu hii nikitafuta la kumtetea Johnson juu ya Finn, na sikulipata.