"Mkiigiza basi si ya kweli"

Kauli hii nimeichoka. Kijana ananiletea futeji nimweditie hapa Langoni, Lamu, nikimwambia hii sehemu mngeiigiza tu, ananirukia: "La, kaka, yangu ni dokyumentari, nikiigiza itakuwa uongo." Uongo upi? Ile dokyumentari Nanook of the North ya 1922, ya maisha ya Wainuiti wa kaskazini mwa Kanada, inayotajwa kila kozi ya filamu, mtengenezaji wake Robert Flaherty aliwawindisha watu kwa mikuki ilhali bunduki wanazo, nyumba ya barafu ikajengwa nusu mwanga upate kuingia, na huyo mwindaji Nanook jina lake hasa ni Allakariallak. Kuigiza kulikuwepo tangu zamani bwana, kosa la Flaherty ni kutomwambia mtazamaji.

Sasa mwangalie Mfaransa Jean Rouch na filamu yake Moi, un Noir (Mimi, Mweusi) ya 1958. Vijana wa Niger wametoka kwao kutafuta vibarua Abidjan, wamejipa majina ya mastaa wa sinema, Oumarou Ganda akawa Edward G. Robinson. Picha zilipigwa bila sauti, baadaye Ganda akawekewa ajitazame huku anaongea, akatania, akatamba, na uchungu wake ukatoka humohumo. Hii mbinu naipigia debe kila siku, zima sauti, mwonyeshe mtu sura yake, kisha mwache aseme.

Kuna kijana mmoja niliyemweditia, filamu yake ni ya kutafuta kitambulisho. Alijihoji saa nzima, maneno makavu kama ngonda. Nikamwambia ami yako awe afisa, wekeni meza na stempu, muanze. Ami katikati akaitupa skripti akauliza, "Babuyo kazikwa wapi?" Kijana kimya, mkono uko kwenye fomu, kalamu haiendi, kwa sababu kweli hajui. Afisa ni wa kuigiza, ila kutojua kule ni kwake, na saa nzima ya mahojiano haikulitoa hilo.

Kauli nyingine kama hiyo, haraka. Eti filamu ya majaribio lazima isieleweke: kama hujui unajaribu nini, umetikisa kamera tu. Eti haihitaji mpango: sawa, leta hizo futeji zako zote halafu usishtuke na bili yangu. Eti "ni maisha yangu, sihitaji idhini ya mtu": mamako yumo, jirani yumo, na mitaa ya Lamu kama Mkomani tunavyobanana mtu anajulikana kwa kikohozi, ukimziba sura umemficha nani? Muombe kabla ya kurekodi, na muonyeshe kabla hujaonyesha watu.