Kutoka besi ndefu kwenda fupi: kwa nini A yangu ilitoka B fleti

Harusi ilikuwa Mbagala, gitaa langu la besi lilikuwa kwa fundi, nikaazima besi ya kwaya. Wimbo wa kwanza unaanza na uzi wa E ukiwa wazi, yaani haujabanwa, halafu unaruka hadi A, freti ya 5 (freti ni vile vipande vya chuma vilivyokatiza shingo) kwenye uzi huohuo. Nikaruka bila kuangalia, kama ninavyofanya kila wiki, ikatoka B fleti, noti inayofuata A, nene kwenye spika zote. Mpiga solo hakusema kitu. Aligeuka tu, akanitazama vidole.

Besi ya kwaya ni ya inchi 30, yangu ya inchi 34. Wenyewe kipimo hicho tunakiita skeli, ila msichanganye na skeli ya do-re-mi. Ni urefu wa uzi unaolia, kuanzia kile kijiti chenye vijifereji vinne juu ya shingo hadi kwenye daraja, pale nyuzi zinapoishia juu ya mwili. Inchi 34 ndiyo ya Fender Precision ya mwaka 1951, na besi nyingi za bendi zimefuata hapohapo. Inchi 30 ni ya Fender Mustang iliyotoka 1966, na kabla yake Höfner 500/1, ile yenye umbo la fidla ambayo Paul McCartney wa Beatles aliinunua Hamburg mwaka 1961.

Niliporudi nyumbani nililaza besi mbili kitandani, nikatoa futikamba. Kwenye ndefu, freti ya 1 iko milimita 48.5 kutoka kwenye kijiti. Kwenye fupi ni 42.8. Milimita sita hizo hata hazinisumbui, vidole vinazizoea kabla wimbo haujafika kiitikio. Ila tofauti inazidi kujumlika kadiri unavyopanda. Freti ya 5 ya ndefu iko milimita 217, ya fupi 191. Kidole changu hukaa kama sentimita moja nyuma ya freti, yaani kwenye 207. Kwenye besi ya kwaya, 207 imeshapita freti ya 5 na iko njiani kwenda ya 6, ambayo iko 223. Ndiyo ile B fleti. Mkono ulienda palepale ulipofundishwa. Shingo ndiyo iliyokuwa nyingine.

Kurudi kwenye ndefu ni kituko kingine. Ukitafuta freti ya 5 kwa mkono uliozoea fupi, kidole kinatua milimita chache tu baada ya freti ya 4. Noti ni sahihi, lakini uzi unakoroma kwa sababu umeukandamiza mbali na freti yake. Unaanza kulaumu nyuzi, au fundi wa watu. Panda hadi ya 7 ndipo mambo yanapoharibika kabisa: freti ya 7 ya besi fupi na freti ya 6 ya besi ndefu zote ziko milimita 253. Ukitafuta B utapata B fleti tena. (Hiyo noti sasa naiona hata usingizini.)

Kama hujawahi kushika fupi na unataka kuionja kabla ya kununua, bana nyuzi za besi yako ndefu kwenye freti ya 2 kwa kapo, kile kibano cha shingoni. Uzi unaobaki ni milimita 769, karibu sawa na inchi 30 zenye milimita 762. Utaonja hali ya mkono wa kushoto. Ya ule wa kulia hutaionja hivyo, kwa sababu mvutano wa nyuzi umebaki uleule.

Na wa kulia nao una kazi yake. Nyuzi za unene uleule zikitunwa noti zilezile kwenye inchi 30, mvutano unapungua kwa asilimia 22 hivi. Ukizipiga kwa nguvu za besi ndefu zinayumba, zinagonga freti, na noti inapanda kidogo mwanzoni kabla haijatulia. Mimi napunguza nguvu za vidole na kuongeza sauti kwenye amplifaya. Wengine wanafunga nyuzi nene zaidi, sawa, ila nunua zilizotengenezwa kwa besi fupi: ya besi ndefu ina sehemu nene inayofika hadi kwenye kigingi cha kutunia, na ikizungushwa pale inaweza kukatika.

Siku hizi, ikibidi nizipige zote mbili, sianzi na skeli za do-re-mi za kupasha vidole. Nafanya miruko tu: E wazi hadi freti ya 5, hadi ya 7, hadi ya 12, polepole, kwanza nikitazama vidoti vya ubavuni mwa shingo, halafu nikiwa nimefumba macho. Dakika tano besi moja, dakika tano nyingine, kisha narudia. Jukwaani, mruko wa kwanza wa kila wimbo natazama. Kwenye besi ya kwaya vidoti vilishafifia, kwa hiyo nilibandika vipande vya plasta nyeupe ubavuni kwenye freti ya 5 na ya 7. Jumapili mwalimu wa kwaya akauliza nani amekifunga chombo bandeji.