Florida na ofisi ya TEHAMA isiyotulia

Katika kazi yangu ya ukaguzi wa mifumo, ninapoletewa muundo mpya wa usimamizi wa TEHAMA serikalini, kwanza natafuta kifungu kinachompa msimamizi uwezo wa kuzuia fedha za mradi unaokwenda kombo. Kifungu hicho kisipokuwepo, ofisi iwe chini ya gavana au chini ya idara, tofauti ni ndogo.

Jimbo la Florida, Marekani, limeijaribu miundo karibu yote. Mwaka 2007 liliunda wakala wa kusimamia TEHAMA. Mwaka 2012 Bunge la jimbo likaunyima fedha, na muswada wa kuweka chombo kingine mahali pake ukakataliwa na Gavana Rick Scott, hivyo wakala ukabaki kwenye sheria bila watumishi. Mrithi wake alianzishwa 2014, akavunjwa 2019 na majukumu yake kupelekwa Department of Management Services, idara ya huduma za uendeshaji wa serikali ya jimbo, ambako mwaka 2020 iliundwa ofisi ya TEHAMA ya sasa, Florida Digital Service.

Ndani ya pengo hilo la kwanza, Oktoba 2013, ndipo ulipozinduliwa CONNECT, mfumo wa kuombea mafao ya wasio na ajira. Sidai kwamba wakala wenye watumishi ungeunusuru, lakini chombo ambacho kingepaswa kuihoji idara husika kilikuwa jina tu. Ripoti ya Mkaguzi Mkuu wa jimbo ya 2019 ilionyesha kuwa kasoro nyingi zilizokwisha kutajwa hazijarekebishwa, na Aprili 2020, janga la korona lilipowaachisha watu kazi, mfumo ulizidiwa. Mjini Hialeah watu walipanga foleni kuchukua fomu za karatasi.

Upande wa usalama wa mtandao hali ni bora kidogo. Juni 2019 mji wa Riviera Beach ulikubali kuwalipa wadukuzi waliofunga data zake takriban dola 600,000. Sheria ya 2022 ilipiga marufuku malipo ya namna hiyo na kutaka shambulio kama hilo liripotiwe ndani ya saa 12: agizo fupi, lenye muda unaopimika.

Kinachonisumbua bado ni idara za Mwanasheria Mkuu, Ofisa Mkuu wa Fedha na Kamishna wa Kilimo, ambao huchaguliwa na wananchi moja kwa moja. Sheria inaziruhusu kujiwekea viwango vyake, na miradi yake ya TEHAMA husimamiwa na Florida Digital Service pale tu gharama inapofikia dola milioni 20, ilhali kwa idara nyingine ni milioni 10. Ningeanza na kipengele hicho kabla ya kuhamisha ofisi tena.