S na sh zinapogombania ulimi mmoja

Katika darasa langu la matamshi hapa Sinza, kitanza ndimi cha kwanza cha Kiingereza ninachowapa wanafunzi ni "She sells seashells by the seashore". Wengi ni watu wazima: wahudumu wa hoteli, waongoza watalii, vijana wanaotaka kutangaza redioni. Wakisema polepole hawana shida. Wakiongeza kasi, "sells" inageuka "shells" na darasa zima linaangua kicheko. Napenda sana kicheko hicho, kwa sababu kinalegeza midomo iliyokakamaa kwa woga.

Sauti zenyewe si ngeni kwetu. S na sh tunazo, kwenye sita na shida. Kwa s, ncha ya ulimi inakaribia ufizi nyuma ya meno ya juu. Kwa sh, ulimi unarudi nyuma kidogo tu. Ubongo huandaa sauti zijazo kabla mdomo haujazifikia, na zinazofanana zikipishana haraka, moja huvamia nafasi ya mwenzake. Mwingereza naye hukwama papo hapo. Jaribu mwenyewe kukimbiza "katibu kata wa kata ya Mkata kakataa katakata" uone k na t zinavyoparurana.

Shida yetu hasa imo kwenye "The sixth sick sheikh's sixth sheep's sick". Neno "sixth" linafunga kwa k, s na th bila irabu yoyote katikati, na ulimi uliolelewa kwa Kiswahili hutafuta irabu ya kupumzikia. Utasikia "sikisithi". Basi naanzia nyumbani: thelathini, theluthi, thamani, ncha ya ulimi ionekane kati ya meno. Anayezoea kusema "selasini" arekebishe hapo kwanza. Kisha nawaambia waseme "siks" na kuivuta s ya mwisho kama tairi inayovuja upepo, huku ulimi ukiteleza taratibu mpaka kwenye meno. Hewa isikatike hata kidogo. Ikikatika, irabu inapenya.

"Red lorry, yellow lorry" inawatesa zaidi wale ambao lugha zao za nyumbani hazitenganishi r na l. Tena r ya Kiingereza si yetu: yetu inagonga ufizi, yao ncha ya ulimi haigusi kitu.

Kasi naiweka mwisho kabisa. Anayekimbia mapema anauzoesha ulimi kosa.

Wiki hii tunaingia kwa "Peter Piper", kilichochapishwa London mwaka 1813. P yake hutoka na pumzi, kwa hiyo kila mtu atashika kipande cha karatasi mbele ya midomo: kisipotikisika, arudie. Waliolelewa na wazee wa pwani, wanaotofautisha paa wa porini na paa la nyumba kwa pumzi hiyohiyo, huipata upesi.